Kibuyu cha Majani Mabichi

Kamusi ya marehemu baba inanuka ugoro na mafuta ya taa. Niliileta hapa Dodoma mjini baada ya arobaini, nimeifunga ndani ya mfuko wa unga, na tangu siku hiyo sebule yangu yote inanuka kijijini kwetu Mlali. Mwanangu wa mwisho ameshaniuliza mara mbili, "Mama, hili dude la nini? Si maneno yote yako kwenye simu?" Nimemwambia aliache palepale lilipo. Angejua! Humo ndani kuna neno moja nililolikimbia tangu nikiwa na miaka tisa mpaka juzijuzi tulipomzika baba. Wenzangu wa rika langu mtanielewa. Yapo maneno ambayo mtu hayakwepi kwa kuwa ni magumu, anayakwepa kwa kuwa anayajua vizuri mno.

Baba alikuwa mwalimu wa Kiingereza katika shule ya msingi, na kijiji kizima kilimwita Mwalimu, hata mama. Kamusi aliinunua mnadani Mpwapwa, kuukuu, haina jalada, akaishonea jalada la ngozi ya mbuzi kwa mkono wake. Jioni, ng'ombe wakishaingia zizini na jua bado lipo, alitoa kigoda nje, akanusa ugoro wake, akapiga chafya mbili, halafu akaniita. "Nyemo! Njoo tulitafutie neno kwao." Maana kwake yeye neno lilikuwa mtu. Lina kwao, lina wazazi, lilihama zamani kwa sababu ya njaa au ya vita, likaolewa ugenini na kubadili sura. Watoto wengine walifundishwa kuhesabu ndama. Mimi nilifundishwa kuuliza neno, wewe umetoka wapi?

Hapo pembeni hakukosa baba mdogo Lazaro, mdogo wake wa tumbo moja. Nyumba yake ilitazamana na yetu, katikati zizi la ng'ombe wa nyumba zote mbili, na yeye ndiye aliyewachunga wote. Hakusoma hata darasa la nne. Alikuwa akisikiliza zile habari za Wafaransa na Kilatini huku anachonga mpini wa jembe, halafu anauliza kwa upole kabisa, "Mwalimu, na hilo neno, ng'ombe wakilisikia wanatoa maziwa zaidi?" Baba anacheka mpaka ugoro unamwagika. Binti yake baba mdogo, Tabu, alikuwa rika langu. Tulilala blanketi moja, leo kwao, kesho kwetu, na sikuwahi kujiuliza kama yule ni binamu au ni dada. Kwetu hayo hayaulizwi.

Sasa niwaeleze kisima, kwa sababu ndipo ubaya ulipoanzia. Kiangazi mto wetu hauna maji, una mchanga tu, maji yako chini. Kila mwaka baba na baba mdogo walichimba shimo lao palepale alipochimba babu, wakalizungushia miiba ili mifugo isitumbukie. Mmoja anashuka na kuchota, mwingine anakaa juu na kupokea ndoo. Wakati shimo linakuwa refu kuliko mtu, aliye chini hana budi kumwamini aliye juu, maana mchanga ukianza kubomoka yeye haoni. Baba ndiye aliyekuwa anashuka. Alisema miguu ya mdogo wake ina kazi nyingi, ipumzike.

Mwaka ule mvua ziligoma. Mtama ulikauka ukiwa magotini. Baba akawahurumia wanafunzi wake, akawaruhusu wachote maji kwenye kisima chetu, wala hakumwambia baba mdogo. Watoto ni watoto. Siku moja walichota, wakaondoka, wakaacha miiba imefunguliwa. Ng'ombe wa baba mdogo, jike moja la kijivu lenye mimba kubwa, lilisikia harufu ya maji likaenda, likatumbukia kichwa mbele na kuvunjika shingo.

Nakumbuka baba mdogo alivyokuja. Ilikuwa mchana, watu wanatoka kanisani, wengi wamesimama kwetu kusalimia. Mchanga ulikuwa umemjaa mpaka kwenye nyusi, maana alikuwa ameshuka shimoni kujaribu kumnyanyua. Alisimama mbele ya kigoda cha baba, akavua kofia. "Kaka," alisema, "mimi nimeumia." Basi. Hakutukana, hakupaza sauti.

Na baba, yule baba yangu mpole wa kutafuta maneno kwao, akaona aibu mbele za watu. Leo najua ilikuwa aibu. Siku ile niliona ni ukubwa. Akajibu kwa sauti ya darasani: "Ng'ombe ana mwenye kumchunga. Wewe ulikuwa wapi? Kilabuni?"

Watu walicheka. Loo, walicheka! Na baba mdogo alikuwa ameacha pombe tangu Tabu azaliwe, na aliyekuwa amemwombea aache ni baba huyohuyo. Alivaa kofia yake akarudi kwake. Mama alisimama mlangoni na sufuria mkononi, akasema polepole kwa Kigogo jambo ambalo baba alijifanya hakulisikia.

Mimi nilidhani yameisha. Nani angenilaumu? Ugomvi niliokuwa naujua ni makelele, ni watu kushikana mashati pale kilabuni na wanawake kupiga yowe. Kwetu palikuwa kimya, na kwa akili yangu ya miaka tisa, kimya ni amani. Kumbe kimya chenyewe ndicho ugomvi. Baba mdogo akatenga ng'ombe wake upande mmoja wa zizi. Halafu vitu vikaanza kurudi. Jumatatu plau, kesho yake ungo, siku nyingine shoka. Kila asubuhi tunakuta kitu chetu kimewekwa langoni, kisafi, kimepanguswa. Mama alikitazama kile kirundo akatikisa kichwa. "Mtu akianza kukurudishia vyombo vyako," aliniambia, "ujue amekukata." Na Tabu akakoma kuja kulala. Nilimwona kwa mbali amejitwika ndoo kichwani, akanitazama, akageuza shingo. Roho iliniuma sijui nisemeje.

Majirani walipita wakituimbia ile methali yao, ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Baba aliitikia, "Naam, naam." Lakini jioni alikaa peke yake na kamusi, hakuniita. Nikajipeleka mwenyewe. Kidole chake kilikuwa juu ya neno moja, akanisomea: *quarrel*.

"Hili ni ugomvi," alisema. "Waingereza walilitoa kwa Wafaransa. Wafaransa walilirithi kutoka Kilatini. Na huko Kilatini, Nyemo, halikuwa na ngumi wala matusi. Lilikuwa ni kulalamika. Mtu kulia shida yake. Mtu kusema, nimeumia." Halafu akanionyesha chini yake neno jingine lililoandikwa vilevile, herufi kwa herufi. Hilo lilikuwa mshale mfupi wa zamani wenye kichwa cha pembe nne. "Haya mawili yamefanana uso, lakini si ndugu," alisema. "Hayajuani kabisa."

Nikamwuliza, kwa ujinga wa kweli, si kwa ujeuri, "Baba, kwa hiyo baba mdogo siku ile alikuwa anagombana, au alikuwa analia?"

Baba alifunga kamusi. "Nenda kamsaidie mama yako kupepeta," alisema. Na nilipofika mlangoni akaongeza, bila kunitazama, "Na kitu chochote kinachotoka nyumba ile kisiingie tena humu. Umenisikia?" Nilimsikia. Nilikuwa mtoto msikivu sana, na hilo ndilo lililotuponza.

Siku chache baadaye baba alikuwa shuleni na mama kaenda kusaga. Nilikuwa peke yangu, nachambua mlenda mkavu. Nilipotoka kumwaga takataka nikaona kibuyu kimesimamishwa langoni. Nilikijua. Kilikuwa kibuyu cha bibi mzaa baba, kile kirefu chenye shingo iliyoshonwa kwa uzi wa ngozi ya ng'ombe, kilichokuwa kinakaa kwa baba mdogo. Kilikuwa kimejaa maji mpaka juu, na mdomo umezibwa kwa majani. Majani yalikuwa mabichi, ya kijani kibichi kabisa, na kiangazi kile kote hapakuwa na jani bichi mahali popote mpaka upande mlima nusu siku, kwenye chemchemi. Hilo nililiona kwa macho na sikulifikiria hata kidogo. Vibuyu vyote huzibwa. Nilichofikiria ni plau, ungo na shoka. Nikasema, ahaa, wamemaliza vyombo, sasa wanaturudishia na maji! Maji ya kisima chetu! Yaani hata maji tuliyokunywa pamoja wameyakataa.

Jamani, hasira ya mtoto ni kitu kibaya. Nilimkumbuka Tabu alivyonigeuzia shingo. Nilichomoa yale majani nikayatupa chini, nikainua kibuyu kwa mikono miwili na kuyamwaga maji yote palepale langoni, mpaka tone la mwisho. Yalinirukia miguuni. Halafu nikakibeba kile kibuyu kitupu, nikavuka uwanja na miguu yangu iliyolowa, nikakiweka mlangoni kwao. Nyumba yote ilikuwa kimya. Nikarudi kuchambua mlenda wangu nikijiona shujaa. Nililinda nyumba ya baba yangu, nilifikiri. Sikumwambia mtu, maana sikuona kama ni jambo.

Wiki ileile tukasikia baba mdogo anahama. Amepata kazi ya kuchunga ng'ombe wa watu huko Mpwapwa, ng'ombe wake ameuza. Jioni ya kuamkia siku ya kuondoka kwake mama alikuwa anasonga ugali wa uwele, na machozi yanamtoka, anasingizia moshi. "Angeleta hata kibuyu," alisema peke yake. "Angeleta kibuyu tu, Mwalimu angekunywa. Namjua."

"Kibuyu gani, mama?"

"Hujui wewe, ulikuwa hujazaliwa walipofanya mara ya mwisho. Ndugu wakikorofishana, aliyeumia anachota maji ya kisima chao, anaziba kwa majani mabichi, anaweka langoni kwa mwenzake. Haongei neno. Mwenzake akikubali kosa, anakunywa nusu, anaziba tena kwa majani yaleyale, anarudisha. Aliyeleta anamalizia ile nusu. Basi, yamekwisha, hakuna wazee wala kesi."

"Na asipokunywa?"

"Akirudisha kitupu, bila majani?" Mama aliacha kusonga. "Huyo amemwambia nduguye, wewe si ndugu yangu. Sijawahi kumwona mtu aliyefanya hivyo."

Mwiko ulirudi kwenye sufuria. Mimi nilibaki nimeshika ungo. Nilikuwa na jioni ile. Nilikuwa na asubuhi nzima ya kesho yake, lori linapakiwa vitanda na kuku, baba kajifungia ndani anasahihisha madaftari siku ambayo shule imefungwa. Hatua arobaini kutoka mlango hadi mlango! Ningekimbia tu nikasema, ni mimi, baba mdogo, ni mimi nilimwaga, baba hakukiona. Niliogopa fimbo. Ndiyo, fimbo. Niliwauza watu wazima wawili na dada yangu Tabu kwa fimbo tatu za mpera. Tabu alikaa juu ya magodoro na hakunipungia mkono. Lori lilipogeuka kona niliingia nyuma ya zizi nikatapika.

Kutoka Mlali mpaka Mpwapwa si safari. Kuna mabasi, siku hizi kuna bodaboda. Mtu anaweza kwenda asubuhi na kurudi kula mchana kwake. Baba hakwenda. Baba mdogo hakuja, si kwa arusi yangu, si kwa msiba wa mama. Kisima hawakuchimba tena. Baba alinunua maji kwa wenye mikokoteni mpaka bomba lilipofika, na alikuwa anayaonja anasema hayana ladha. Hakuniita tena tutafute maneno, na mimi sikujipeleka. Nilikua, nikasoma, nikaajiriwa, nikazaa. Mara nyingi nilianza kumwambia. "Baba, unakumbuka mwaka ule wa ukame..." Anatazama pembeni, anasema, "Nakumbuka, nakumbuka," na mimi namwuliza kuhusu dawa zake za presha. Miaka yote hiyo. Ile methali nayo iniondokee, kwetu tulishika jembe na kapu halikuja.

Baba alipofariki nilimpigia Tabu, namba niliipata kwa watu. Sauti yake ilikuwa ya mtu nisiyemjua. Alisema, "Nitamwambia baba," akakata. Sikutegemea. Lakini siku ya maziko, kaburi limeshafukiwa na watu wanaweka mashada, nikaona mzee mmoja anashuka kwenye pikipiki kwa shida, kofia mkononi. Nilimjua kwa jinsi alivyoishika.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba, Nyemo." Alikuwa amekauka, amepungua. Alisimama kaburini muda mrefu, halafu nikamkalisha kwenye benchi nyuma ya nyumba, pale lilipokuwa zizi. Nikapiga magoti mbele yake, mtu mzima mwenye wajukuu, nikamwambia yote. Langoni, maji, majani, miguu yangu. Nililia mpaka kilemba kikanianguka.

Aliniacha nimalize. Kisha akasema, "Nilijua ni wewe."

"Ulijua?"

"Miguu yako. Mguu wa kushoto unaingia ndani, mpaka leo nakuona. Ulilowa maji, ukakanyaga vumbi, nyayo zako zilikuja mpaka mlangoni kwangu zikarudi. Mimi ni mchunga ng'ombe, mwanangu, nasoma nyayo. Ndiko kusoma nilikonako." Alipangusa uso kwa kofia. "Nilijua kabisa ni mtoto, kaka hajaona. Ningeweza kujaza tena. Kisima kilikuwepo, na majani kule chemchemi yalikuwepo. Lakini nilikuwa bado na hasira ya lile neno la kilabuni, nikasema, vizuri, nimepata sababu. Nikaondoka na sababu yangu. Nikafikiri mwaka mmoja tu, atanifuata."

Niliinuka nikaenda chumbani kwa baba kumtafutia shuka la kujifunika, maana upepo ulikuwa umeanza, na juu ya kabati ndipo ilipokuwa kamusi. Sijui ni nini kilinifanya niishushe. Sikuhitaji kutafuta ukurasa, ulifunguka wenyewe, kama kitabu kilichozoea kufunguliwa mahali pamoja. Katikati ya ukurasa, juu ya neno *quarrel*, yalikuwepo majani. Makavu, bapa, rangi ya chai, yamekunjwa kwa namna ya kuziba mdomo wa kibuyu. Pembeni, kwa penseli, mwandiko wa baba wa zamani, ule wa kunyooka wa ubaoni, neno moja tu: *Alileta.*

Aliyaokota langoni siku ileile. Aliona pale palipolowa, akaelewa kila kitu, na nyayo za mtoto wake aliziona kama alivyoziona mdogo wake. Hakunichapa. Hakuniuliza. Na hakuvuka uwanja. Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa, mkosaji ni yeye, na alijua kuliko mtu yeyote pale Mlali kwamba mwenye kugombana nawe ni mtu anayekuambia ameumia. Alikaa na neno hilo na majani yake mpaka pumzi ikaisha.

Nilimpelekea baba mdogo kamusi ikiwa wazi. Hajui kusoma Kiingereza lakini neno lile la penseli alilisoma, akifuatisha kwa kidole. "Alileta," alisema. "Alijua nilileta?" Halafu akalia. Sijawahi kumsikia mwanaume wa kwetu analia vile, kwa sauti, mbele ya watu, anamwita nduguye kwa jina lao la utotoni.

Alipotulia aliomba maji. Nilimletea ya bomba, kwenye kikombe cha bati cha baba. Alichukua yale majani akajaribu kuyaweka juu ya kikombe, yakapukutika yote, unga mtupu, mengine yakaelea. Akanywa hivyohivyo. Alikunywa nusu, akapima kwa jicho, akakiweka kikombe upande wa pili wa benchi, mahali ambapo angekaa mtu mwingine.

Kikombe kilikaa pale siku nzima. Wanawake waliokuwa wanaosha vyombo walikusanya sahani zote, masufuria yote, wakapita kando yake. Tabu, aliyekuja jioni kumchukua baba yake, akanitazama mimi, nami nikamtazama yeye, na hakuna kati yetu aliyeweza kukimwaga.